Baada ya CentOS: nani analipia mfumo wa bure?

Desemba 8, 2020, Red Hat ya Marekani ilitangaza kwamba CentOS Linux 8, mfumo endeshi wa seva uliokuwa ukitolewa bure, ungefikia kikomo Desemba 31 mwaka uliofuata. Watumiaji walikuwa wameahidiwa masasisho hadi 2029. Wakaja juu, lakini kwa hesabu za biashara hawakuwa wateja: hawakuwa na mkataba, hawakuwa na risiti, na hapakuwa na pa kushitaki.

CentOS ilizaliwa 2004. Red Hat ilikuwa ikiuza usajili wa mfumo wake wa RHEL (Red Hat Enterprise Linux), huku msimbo chanzo ukiwekwa hadharani. Watu wa kujitolea waliuchukua, wakaondoa nembo za kampuni, wakaujenga upya na kuugawa. Programu iliyofanya kazi kwenye RHEL ilifanya kazi pia kwenye CentOS. Kilichokosekana ni mtu wa kumpigia simu seva ikizima saa nane usiku.

Kwa kampuni yenye mafundi wake, huo ulikuwa mpango mzuri. Mwaka 2020 usajili wa daraja la chini wa RHEL uliuzwa dola 349 kwa mwaka, kwa hiyo mwenye mashine 100 angelipa dola 34,900 bila hata huduma ya msaada. Kampuni za kuhifadhi tovuti zilijenga biashara nzima juu ya CentOS, zikiweka cPanel, programu ya kusimamia tovuti, juu yake na kuwakodishia wateja nafasi kwa dola chache kwa mwezi. Faida ya namna hiyo haistahimili ada mpya kwa kila mashine.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na ndugu mwenyewe alikuwa ameshabadilika. Mwaka 2014 Red Hat iliuchukua mradi wa CentOS chini ya mbawa zake. Mwaka 2019 IBM ikainunua Red Hat kwa dola bilioni 34. Badala ya CentOS Linux, watumiaji walielekezwa kwenye CentOS Stream, ambayo hupokea mabadiliko kabla hayajaingia RHEL. Kwa msanidi programu hiyo ni nafasi nzuri ya kuona yajayo. Kwa mhasibu anayetaka seva ya malipo isitikisike, ni wasiwasi.

Walioumia zaidi ni waliofuata ushauri. CentOS 6 ilifikia mwisho Novemba 30, 2020, na waangalifu walikuwa wamehamia toleo la 8 mapema. Siku nane baadaye wakaachwa kwenye mataa. Waliobaki na toleo la 7 walikuwa na muda hadi Juni 30, 2024.

Soko halikungoja. Gregory Kurtzer, mmoja wa waasisi wa CentOS, alitangaza mbadala wa bure, Rocky Linux, mara tu baada ya habari hiyo kutoka. Jina ni la Rocky McGaugh, mwasisi mwenzake aliyefariki. CloudLinux, kampuni inayohudumia soko la kuhifadhi tovuti, iliahidi dola milioni moja kwa mwaka kwa ajili ya AlmaLinux, mbadala mwingine wa bure, iliyotoka rasmi Machi 30, 2021. Rocky ilifuata Juni. Red Hat nayo ililegeza kamba: kuanzia Februari 2021, mtu aliruhusiwa kutumia RHEL bila malipo kwenye mashine hadi 16.

Kuhama kwenyewe hakukuwa kugumu sana. Fundi alichukua nakala rudufu ya seva, akapakua hati moja ya amri, akaiendesha, akaiwasha upya mashine. Hati hiyo ilibadilisha vifurushi vya mfumo bila kugusa data. Gharama ilikuwa katika majaribio ya kabla, na zamu za usiku. Waliopuuza walikumbushwa mwishoni mwa Januari 2022, faili za toleo la 8 zilipohamishiwa ghalani: amri ya kawaida ya kusasisha ilirudisha kosa tu.

Mvutano haukuishia hapo. Juni 2023 Red Hat iliacha kuweka hadharani msimbo wa RHEL, ikawabakizia wateja wake, na Mike McGrath, mmoja wa makamu wa rais wa kampuni hiyo, aliandika kuwa haioni thamani katika kuujenga upya mfumo huo bila kuongeza kitu. AlmaLinux iliamua kuacha kuwa pacha wa RHEL, ikalenga kuhakikisha tu kwamba programu za RHEL zinaendelea kufanya kazi. Agosti mwaka huo Oracle, SUSE na CIQ, kampuni ya Kurtzer, ziliunda chama cha OpenELA ili zishirikiane msimbo.

Katika purukushani hizo, biashara mpya zimepata mahali pa kusimama. CIQ huuza msaada kwa watumiaji wa Rocky. TuxCare, tawi la CloudLinux, huuza viraka vya usalama kwa matoleo ya CentOS yaliyokwisha muda. Mfumo ni bure, utulivu wa moyo unauzwa.

Mwaka 2025 AlmaLinux 10 na Rocky Linux 10 zilitoka, kila moja ikiahidi masasisho hadi 2035. Kampuni inayochagua leo ina sababu ya kuuliza wafadhili ni akina nani, na kutenga bajeti ya kuhama tena kabla ya 2035. Gharama hiyo ilikuwepo tangu siku za CentOS. Ila haikuandikwa vitabuni.