Michezo ya Afrika ilianzia ng'ambo ya mto

Kiongozi anayepanga mechi za vijana kambini huulizwa kwanza: nani achezee timu gani? Wakigawanywa kwa kijiji au kabila, mara nyingi ugomvi wa zamani unaingia nao uwanjani. Swali hilo si geni. Michezo ya Afrika nayo ililikuta.

Michezo hiyo ilianza Julai 1965 huko Brazzaville, ng'ambo ya mto ukitazama kutoka Kinshasa. Zilifika nchi zipatazo 30, nyingi zikiwa na uhuru wa miaka michache tu. Kulikuwa na riadha, ngumi, mpira wa kikapu na mingine. Kipchoge Keino wa Kenya alishinda mbio za mita 1500 na 5000. Fainali ya kandanda kati ya wenyeji na Mali iliisha 0-0, na ushindi ukatolewa kwa kuhesabu kona! Wenyeji walikuwa na nyingi zaidi.

Michezo ya pili ilipangwa kufanyika Mali mwaka 1969. Novemba 1968 jeshi likapindua serikali ya huko, michezo ikafutwa. Vijana wakangoja hadi Lagos, 1973. Afrika Kusini nayo ilifungiwa mlango kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Timu yake ilipokewa Harare mwaka 1995, baada ya raia wake wote kupiga kura mwaka 1994.

Ndugu viongozi, tunawashauri: changanyeni wahamishwa na wenyeji katika kila timu. Kanuni zisomwe mbele ya wote kabla filimbi haijapigwa, hata ile ya kuamua sare.