Mkaguzi wa Hesabu Anatafuta Nini Mashinani?

Mwaka wa fedha wa kaunti hufungwa Juni 30. Baada ya hapo, Kifungu cha 229 cha Katiba humpa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu miezi sita kukagua na kutoa ripoti.

Taarifa za fedha tunazomkabidhi ni madai tu mpaka zithibitishwe. Zikisema zahanati imejengwa, vocha ya malipo pekee haimtoshi. Atataka mkataba, cheti cha mhandisi na taarifa ya benki, kisha afunge safari hadi kijijini ajionee. Kwa hivyo ukiwaona wageni wakihesabu vyumba na kupiga picha, usishangae.

Iko pia safari ya kinyume, ambayo wengi hawaijui. Akikuta tangi la maji au jenereta, hurudi ofisini kuangalia kama limo katika rejista ya mali. Kutoka kitabuni hadi uwanjani hubainika kama kitu kipo kweli. Kutoka uwanjani hadi kitabuni hubainika kama kuna kilichoachwa nje. Tena kuwepo si kumiliki: kwa ardhi ataitisha hatimiliki.

Barua ya salio inayomfikia moja kwa moja kutoka benki ina uzito kuliko nakala aliyopewa na ofisi anayoikagua, hata iwe na mihuri mingapi.

Stakabadhi zikikosekana, ataandika kwamba malipo hayakuthibitishwa, hata kama barabara ilichongwa na watu wanaipita kila siku. Ripoti hiyo hufika katika bunge la kaunti, na maafisa waliotia sahihi huitwa kujibu.