Kutopea: Asili ya Neno na Maana Yake

Katika maneno ambayo Kiswahili kimemwekea mtu aliyetekwa moyo na akili na jambo moja, hata akiitwa asisikie na chakula kikiwekwa mbele yake asikione, halipo, kwa rai yangu, lenye asili iliyo dhahiri kuliko kutopea; nalo, kwetu sisi tuliolelewa Viwanja Sitini mjini Ifakara, ni neno tulilolijua kwa miguu kabla ya kulijua kwa masikio.

Shina lake ni tope. Maana ya kwanza ya kutopea ni kuzama topeni, kisha maana hiyo ikapanda kutoka miguuni hadi rohoni, watu wakasema fulani ametopea katika elimu, au katika ibada, au, Mwenyezi Mungu atuhifadhi, katika ulevi na madeni.

Bonde la Kilombero, ulimo mji wetu huo wa Ifakara, lililolala baina ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, linatosha kuwa shahidi. Masika yaingiapo, aghalabu kuanzia Machi hadi Mei, vijito vishukavyo milimani huufurisha mto Kilombero, nao huyatandaza maji yake juu ya mbuga ambazo Wandamba, wavuvi na wakulima wa mpunga tangu kale, wamezifanya kuwa chimbuko la riziki yao. Apitaye humo akiikokota baiskeli yenye gunia la mpunga hujua kwamba tope halimmezi mtu kwa ghafula: humshika unyayo, kisha kifundo, kisha muundi, na kila aunasuapo mguu mmoja, uzito wote huushindilia wa pili. Vivyo hivyo aliyetopea katika jambo ameliingia kidogo kidogo, na kutoka kwake kuna kazi.

Hapo ndipo neno hili linapofarikiana na jamaa zake. Kuzama ni kwa maji, na mzamiaji lulu huzama akaibuka. Kughariki kumetoka katika Kiarabu, ambamo mzizi wake ni kufa maji. Na katika mzizi huohuo masufi walipata istilahi yao ya istighraki, yaani mja kughariki katika kumkumbuka Mola wake hata akaisahau nafsi yake. Wajerumani, ambao lugha yao naisikia kila siku hapa Basel, Uswisi, humwita mtu wa namna hii aliyeingia kinani. Wote wameona kushuka. Waswahili wakaona na kushikwa.

Basel na Ifakara, fauka ya hayo, zina mfano wa pamoja wa kutopea. Profesa Rudolf Geigy, mwanazuolojia wa mji huu, alifika Ifakara mwaka 1949, akawachunguza papasi waenezao homa. Na mwaka 1957 ikaanzishwa huko maabara iliyokua hata ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, ambamo leo Watanzania wametopea katika elimu ya mbu na malaria.

Neno lenyewe halisifu wala halilaumu, ndiyo maana mzazi aambiwaye kwamba mwanawe ametopea yampasa aulize kwanza, katika nini? Nasi tulio ughaibuni, tuhangaikao baina ya kazi mbili na habari za nyumbani, tuna haja ya kujiuliza swali hilohilo, kwa kuwa ujuzi wowote wa kutegemewa, hapa na kule bondeni, haupatikani kwa kuonja-onja, bali kwa kuuingia mpaka ukushike.