Sista Corita, mwalimu aliyesemesha mkebe wa tomate

Wamama wenzangu, kila siku jikoni maandishi mengi hupita mikononi mwetu: mfuko wa unga, karatasi ya sabuni, paketi ya chumvi, mkebe wa tomate. Tunayaona bila kuyasoma, na kitu kikiisha tunatupa. Wiki hii nataka kuwaeleza habari za mwanamke mmoja, mwalimu kama mimi, aliyechukua maandishi ya namna hiyo na kuyageuza picha za rangi kali zinazosema juu ya njaa, vita na ubaguzi. Jina lake ni Corita Kent. Aliishi Marekani, na kazi hiyo ilimletea sifa na matata pamoja.

Alizaliwa tarehe 20 Novemba 1918 katika mji wa Fort Dodge, jimbo la Iowa. Wazazi walimwita Frances Elizabeth, mtoto wa tano kati ya sita. Akiwa bado mdogo, jamaa yake ilihamia Los Angeles. Mwaka 1936, akiwa na miaka 18, aliingia katika shirika la masista wa Moyo Safi wa Maria na kuitwa Sista Mary Corita. Masista hao walikuwa walimu. Yeye naye alianza kwa kufundisha watoto wadogo, kisha akaitwa kufundisha sanaa kwenye chuo chao, Immaculate Heart College.

Huko ndiko alikojifunza serigrafi. Aliyemfundisha ni mwanamke, Maria Sodi de Ramos Martínez, mjane wa mchoraji kutoka Meksiko. Serigrafi tunaiona hata katika miji yetu, kwa vijana wanaochapa maneno kwenye triko. Unakaza kitambaa chepesi juu ya mbao nne, unaziba sehemu ambazo hutaki rangi ipite, unamwaga rangi, kisha unaivuta kwa kipande cha mpira. Rangi inapita kwenye matundu tu na kuangukia karatasi iliyo chini. Kila rangi inahitaji kizibo chake. Picha yenye rangi tano inapitishwa mara tano, na ukikosea mara moja umepoteza karatasi.

Sista Corita alipenda njia hiyo kwa sababu moja kubwa. Picha iliyochorwa kwa mkono ni moja tu, na mara nyingi inaishia nyumbani kwa tajiri. Picha ya kuchapwa inaweza kutoka mara nyingi na kuuzwa kwa bei ndogo. Alitaka mtu wa kawaida aweze kuitundika nyumbani kwake. Kwa kuwa mwaka mzima alikuwa darasani, aliichapa wakati wa likizo kubwa, katika majuma machache tu, wanafunzi na marafiki wakimsaidia kuanika karatasi.

Picha zake za kwanza zilikuwa za Biblia, na mwaka 1952 moja ilipata zawadi ya kwanza. Mwaka 1962 njia yake iligeuka. Mwaka huo, huko Los Angeles, mchoraji Andy Warhol alionyesha picha 32 za mikebe ya supu, na Sista Corita alikwenda kuziona. Tangu hapo alianza kutazama soko na barabara kwa jicho jingine. Mwaka huohuo alichapa picha aliyoiita «wonderbread», jina la mkate uliouzwa katika maduka ya Marekani. Alichukua madoa mekundu, ya manjano na ya bluu yaliyokuwa kwenye karatasi ya mkate huo na kuyapanga peke yake. Mwenye haraka anaona madoa ya rangi. Anayekumbuka meza ya Bwana anaona mkate unaogawanywa kwa watu. Na mwenye njaa anaona mkate.

Namna alivyotengeneza herufi inafaa kuelezwa, maana siri ya kazi yake iko hapo. Alikata neno kutoka kwenye tangazo, akakunja au kukunjakunja karatasi, akaipiga picha jinsi ilivyo, kisha akafuata mistari hiyo iliyopinda na kukata kizibo chake. Kwa hiyo katika picha zake herufi zinalala, zinageuka juu chini, nyingine zimekatwa nusu. Ukiwa mbali unaona rangi zinazogongana tu. Ukikaribia unaanza kutambua herufi, na pembeni unakuta maandishi madogo ya mkono. Neno ambalo jicho limelizoea halituingii tena, lakini likipinda linatulazimisha kusimama na kusoma.

Sisi wamama tunalijua jambo hilo kwa njia yetu. Kikwembe cha tarehe 8 Machi kina maneno, na tunakivaa ili yasomwe. Na hapa kwetu Kongo, Chéri Samba, mchoraji wa Kinshasa, anaandika maneno juu ya picha zake ili anayepita asimame.

Matata yalikuja mwaka 1964. Sista Corita alichapa neno «tomato» kwa herufi kubwa, na ndani yake akaandika maneno ya kumsifu Mama Maria kwamba yeye ndiye nyanya yenye utamu na maji kuliko zote. Alitaka kusema kwamba Maria alikuwa mama mwenye uhai, aliyepika na kwenda sokoni, si sanamu ya chokaa tu. Wengi walifurahi. Wengine waliona ni kumkosea heshima Mama wa Mungu, na Kardinali James McIntyre, askofu mkuu wa Los Angeles, hakupendezwa na kazi yake.

Hakurudi nyuma. Mwezi wa nane mwaka 1965, katika mtaa wa Watts huko Los Angeles, watu weusi waliochoshwa na ukali wa polisi, ukosefu wa kazi na nyumba mbaya waliingia barabarani. Fujo zilidumu siku sita na watu 34 walikufa. Sista Corita alichukua ukurasa wa kwanza wa gazeti la mji, uliotangaza habari hizo, akauchapa jinsi ulivyo. Chini yake aliweka sehemu nyekundu yenye maneno ya padri mmoja, yanayosema kwamba mwili wa Kristo unateseka leo katika watu hao. Picha hiyo aliiita «my people», yaani «watu wangu». Yeye alikuwa mweupe, tena sista wa chuo. Angeweza kusema mambo ya Watts si yake. Kwa jina la picha peke yake alikataa kusema hivyo.

Mwaka 1967 alichapa picha za kupinga mabomu ya nchi yake huko Vietnam, na mwezi wa kumi na mbili gazeti Newsweek likaweka picha ya sista huyu kwenye jalada. Lakini alikuwa amechoka. Mabishano na wakubwa wa Kanisa hayakwisha. Mwaka 1968 aliacha shirika na kuhamia Boston, akiwa na miaka karibu 50. Mwaka 1970 masista wenzake zaidi ya 300 waliacha nao nadhiri zao baada ya mvutano mrefu na Kardinali, wakaanzisha jumuiya yao wenyewe. Mwaka 1974 Corita aliambiwa ana kansa. Aliendelea kuchora. Mwaka 1985 posta ya Marekani ilitoa timbri yake ya senti 22, yenye mistari ya rangi na neno moja, «love», upendo. Ziliuzwa zaidi ya milioni 700. Alikufa tarehe 18 Septemba 1986, na kazi zake aliwaachia masista wale wa zamani.

Sasa niwaambie jambo langu mwenyewe. Sista Corita alikuwa akiwapa wanafunzi karatasi ngumu yenye tundu la pembe nne katikati, kama dirisha dogo. Unaifunga jicho moja, unatazama kwa tundu hilo, na kitu ulichokizoea kinakuwa kipya. Mwaka uliopita nilijaribu katika darasa langu la sita lenye watoto 54. Rangi hatuna, kwa hiyo niliwaomba walete makaratasi na mifuko iliyotupwa nyumbani. Baba mmoja alikuja kuniuliza kwa nini naokotesha mtoto wake takataka. Nilimweleza. Hakukubali kabisa, lakini alitaka karatasi ya mtoto.

Msichana mmoja alileta mfuko wa unga. Alikata herufi za neno «unga», akazibandika zote chini kabisa ya karatasi, zimelala. Juu aliacha peupe. Nilimwuliza kwa nini hakumaliza. Alinijibu: «Nimemaliza, Mwalimu. Hapo juu ndipo unga ulikuwa.»

Karatasi za wengine nilizibandika ukutani. Ile yake niliiweka kabatini. Mkaguzi alikuwa anakuja juma lile, na niliogopa aseme tunawafundisha watoto kulaumu wakubwa. Msichana alitafuta karatasi yake ukutani, hakuiona, hakuuliza. Nilikuwa nimemfundisha kusema, kisha nikamnyamazisha. Nilipokuja kusoma habari ya «my people» na gharama ambayo mwalimu yule alikubali kulipa, niliona aibu. Mwezi huu nimeitoa kabatini. Iko ukutani, karibu na ubao, na yeye aliyepita sekondari nimemtumia habari kupitia mdogo wake.

Wamama, jaribuni nyumbani na watoto. Kateni tundu katika karatasi ya boksi. Mwacheni mtoto atazame mkebe, mfuko, kikwembe. Achague neno moja, alikate, alipindue apendavyo, aongeze kwa mkono wake sentensi moja juu ya jambo linalomsumbua au kumfurahisha. Msimsahihishe herufi zikilala. Akimaliza, msiiweke kabatini kama nilivyofanya mimi. Itundikeni mahali ambapo baba, mgeni na jirani watapita, na mleteni mtoto aieleze mwenyewe.