Je, Papa Hakosei? Maelezo ya Mzee wa Kiriaini

Katika mabaraza yetu ya pwani husikika mara nyingi kwamba Wakatoliki wanaamini Papa hakosei. Husemwa kwa kicheko, na mazungumzo huishia hapo, kwani ni mwanadamu gani asiyekosea? Lakini si haki kuicheka itikadi ya jirani kabla ya kumuuliza mwenyewe. Basi nilipopita Kiriaini nilimuuliza mzee mmoja aliyefundisha katekisimu kwa miaka mingi.

Kiriaini ni mji wa milimani katika Murang'a, karibu na mpaka wa Nyeri, nchi ya majani ya chai. Mtu wa pwani akifika huko hutafuta koti kabla ya kutafuta chakula. Ukatoliki una mizizi mirefu pande hizo. Si mbali na hapo, mahali paitwapo Tuthu, wamisionari wa Consolata kutoka Turin, Italia, walisoma misa yao ya kwanza tarehe 29 Juni 1902, wakiwa wageni wa chifu Karuri wa Gakure. Tarehe hiyo ni sikukuu ya Petro na Paulo, na Petro ndiye ambaye Wakatoliki humhesabu kuwa Papa wa kwanza.

Mzee aliposikia swali langu alitabasamu. "Shehe," akasema, "Papa aweza kukosea hata njia ya kuja Kiriaini. Na dhambi zake huziungama kwa padri, kama mimi ninavyoziungama zangu."

Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika. Sisi twafundishwa kwamba Mitume wamehifadhiwa na dhambi, na hali hiyo twaiita isma. Papa hadaiwi kuwa na isma. Mwezi wa Machi 2014 ulimwengu ulimwona Papa Francis, aliyefariki mwaka 2025, amepiga magoti mbele ya padri katika kanisa la Mtakatifu Petro, akiungama. Kinachodaiwa ni kingine, nacho ni chembamba zaidi: kwamba yako maneno fulani ya Papa ambayo Mungu huyakinga na upotofu.

Maneno gani hayo? Mipaka yake iliwekwa tarehe 18 Julai 1870, katika Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, zama za Papa Pius IX. Lazima Papa anene kwa cheo chake cha mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, si kwa rai yake binafsi. Lazima jambo lenyewe liwe la imani au la maadili. Tena lazima akusudie kulikata shauri moja kwa moja, liwafunge waumini wote. Sharti moja likikosekana, karama hiyo haipo. Hotuba zake nyingine hupewa heshima, lakini hazina kinga hiyo.

Wala maaskofu wenyewe hawakukubaliana kwa urahisi. Katika kura ya majaribio, siku chache kabla, maaskofu 88 walikataa. Siku ya mwisho ilipofika wengi wa wapinzani walikuwa wamekwisha ondoka Roma, wakaona heri safari kuliko kumpinga Papa usoni. Kura za ndiyo zikawa 533, za siyo 2. Hoja mojawapo ya wapinzani ilikuwa Papa Honorius wa karne ya saba, ambaye baada ya kufa kwake alilaaniwa na mtaguso uliokutana Konstantinopoli mwaka 680 na 681, kwa sababu ya barua alizoandika. Watetezi wakajibu kwamba barua zile hazikuwa hukumu iliyotolewa kwa masharti hayo.

Tangu 1870 karama hiyo imetumiwa waziwazi mara moja tu, tarehe 1 Novemba 1950, Pius XII alipotangaza kwamba Bibi Maryamu alipalizwa mbinguni mwili na roho. Kabla ya mtaguso, mwaka 1854, Pius IX alitangaza kwamba Maryamu alikingiwa dhambi ya asili tangu kutungwa mimba yake. Hapa msomaji wangu huenda akasita kidogo. Sisi hatuna itikadi ya dhambi ya kurithi. Lakini katika Sahihi ya Bukhari imo hadithi kwamba kila mtoto huguswa na shetani anapozaliwa, isipokuwa Maryamu na mwanawe. Kumbe katika mlango huo hatuko mbali kama tunavyodhani.

Mipaka hiyo imeonekana hata milimani huko. Tarehe 23 Mei 2015, mjini Nyeri, Sista Irene Stefani, ambaye wenyeji walimwita Nyaatha, yaani mama wa huruma, na aliyefariki mwaka 1930, alitangazwa Mwenye Heri katika ibada iliyoongozwa na Kadinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam. Daraja hiyo ni ruhusa ya kumheshimu mahali fulani, na wanazuoni wao hawaihesabu kuwa hukumu isiyokosea. Kutangazwa Mtakatifu ni jambo jingine, nalo wengi wao hulihesabu hivyo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Desemba 2023. Ofisi ya Vatikano inayosimamia mafundisho, kwa idhini ya Papa Francis, iliruhusu mapadri kuwabariki watu wa jinsia moja wanaoishi pamoja, bila ya kuihesabu kuwa ndoa. Mwezi uliofuata maaskofu wa Afrika, kwa kinywa cha Kadinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, na baada ya kushauriana na Roma, walisema baraka hizo hazifai Afrika. Hawakutoka katika Kanisa, wala hawakufukuzwa. Kama kila karatasi ya Roma ingekuwa haikosei, lisingewezekana hilo.

Nasi je? Swali la nani mwenye neno la mwisho ni letu pia. Twasema mujtahidi akipata ana thawabu mbili, akikosea ana moja. Imamu Malik alifundisha kwamba kauli ya kila mtu hukubaliwa au hurudishwa, ila ya Mtume. Kinga ya upotofu hatukumpa mtu mmoja baada ya Mtume. Tumeiona katika ijmaa ya umma. Ndugu zetu Mashia wameiona kwa maimamu wao. Hapo ndipo tofauti ya kweli ilipo, na hapo mjadala una faida.

Nilimuuliza mzee: nani basi ahakikishaye kuwa masharti yametimia? Akanijibu kwa sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kifungu cha 749: hakuna fundisho linalohesabiwa kuwa limekatwa bila kukosea mpaka iwe dhahiri. Nikakumbuka kanuni yetu ya fikihi, kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mimi sikukubali kwamba yuko mtu apewaye kiti hicho, na yeye hakunitaka nikubali. Lakini atakaye kubishana na jirani yake Mkatoliki, na abishane na lile analoliamini, si lile tulilomvika sisi. Kanzu haikatwi kwa kipimo cha mtu mwingine.