Mungu, Malaika na Mitume: Tuijue Imani ya Jirani

Wako watu ambao kila uchaguzi wa tawi unapokaribia huacha kutaja kazi aliyoifanya mgombea, wakataja msikiti au kanisa analosali. Ugonjwa huu si mpya, wala dawa yake si kuwaambia wananchi wafiche dini zao. Dawa ni kujua, kwa maana amjuaye jirani yake hadanganywi upesi juu yake. Kwa hiyo leo twapenda kuwaeleza wanachama na wafanyakazi, hasa wale waliosoma misheni kama sisi, yale wanayoyaamini ndugu zetu Waislamu.

Nguzo za imani ya Kiislamu ni sita: kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, Siku ya Mwisho, na kadari, yaani kwamba kheri na shari haziko nje ya elimu na uwezo wake. Tutazungumza juu ya tatu tu: Mungu, malaika na mitume.

Mwislamu huamini ya kuwa Mungu ni mmoja, hana mshirika wala mwana, na hakuna kiumbe kinachofanana naye. Sura ya 112 ya Kurani, yenye aya 4 tu, imeyakusanya hayo yote. Dhambi iliyo kubwa kupita zote ni shirki, ndiyo kumpa mwingine heshima iliyo ya Mungu peke yake. Basi mbele ya imani hii hakuna tajiri, wala mfalme, wala kiongozi wa chama anayestahili kusujudiwa. Wanachama na walizingatie neno hilo, na viongozi walizingatie zaidi.

Malaika nao ni viumbe walioumbwa kwa nuru. Hawali, hawanywi, wala hawaasi. Kila mmoja ana kazi aliyopewa. Jibrili, ambaye Wakristo humwita Gabrieli, ndiye mpelekaji wa wahyi kwa mitume. Mikaili amepewa kazi ya mvua na riziki, na Israfili atapuliza parapanda Siku ya Kiyama. Yuko pia malaika wa mauti. Tena kila mtu ana waandishi wawili, mmoja kuume na mmoja kushoto, wanaoandika matendo yake yote. Karani wa ghala aliyepokea magunia 100 akaandika 90 aweza kumkwepa mkaguzi wa hesabu, lakini kwa imani hii ameandikwa tayari.

Ama mitume na manabii, Kurani yawataja 25 kwa majina, na wengi wao Wakristo wawajua tangu utotoni: Nuhu, Ibrahimu, Musa, Daudi, Sulemani, Yahya ambaye ni Yohana Mbatizaji, na Isa ambaye ni Yesu. Wa mwisho wao ni Muhammad, aliyezaliwa Makka yapata mwaka 570, akaanza kupokea wahyi mwaka 610, na kufariki Madina mwaka 632.

Twawaomba wafanyakazi waangalie jambo moja. Mitume hawa walikuwa watu wa kazi. Nuhu aliunda safina. Musa alimtumikia mkwewe kwa mapatano ya miaka 8, na akipenda 10. Daudi alifua deraya za chuma. Muhammad mwenyewe alichunga mifugo, kisha akasafiri na misafara ya biashara. Na Shuaibu alitumwa kwa watu wa Madiani kuwahimiza wamwabudu Mungu mmoja na waache kupunja vipimo na mizani.

Tofauti ipo, wala haifai kuificha. Waislamu humheshimu Isa kuwa mtume aliyezaliwa na Mariamu hali ni bikira. Mariamu ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina lake katika Kurani, na sura ya 19 yaitwa kwa jina lake. Walakini hawakubali ya kuwa Isa ni Mwana wa Mungu, wala ya kuwa alikufa msalabani. Na hayo ndiyo msingi wa imani ya Wakristo. Wino wa gazeti hauwezi kuifuta tofauti hiyo, wala hatutaki uifute.

Lakini tofauti si uadui. Yapata mwaka 615, Waislamu wa kwanza walioteswa Makka walikimbilia Uhabeshi, nchi ya Afrika iliyotawaliwa na mfalme Mkristo. Wakuu wa Makka walituma wajumbe na zawadi ili wakimbizi warudishwe. Mapokeo ya Kiislamu yasimulia kwamba mfalme aliwataka wakimbizi waeleze wanaamini nini, naye Jaafari bin Abu Talib akamsomea habari za Mariamu. Mfalme alisikiliza, akakataa kuwatoa.

Nasi tunao mfano wetu wenyewe. TANU ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1954, Waislamu na Wakristo walikaa pamoja, na hapana aliyeacha dini yake ili kudai uhuru. Wala asiwepo wa kusema leo kwamba Kiarabu kilimzuia kujua: tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ya Kasisi Godfrey Dale ilitoka mwaka 1923, na ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ikatoka kamili mwaka 1969.

Basi mtu akikujia tawini akakunong'oneza dini ya mgombea, mwulize: mtu huyu amefanya kazi gani, na amempunja nani katika mizani? Hayo ndiyo yanayoihusu kura. Mengine yana waandishi wake.