Kupandana kwa Mabati: Neno la Kuzingatia Kabla ya Masika

Makadirio ya kuezeka nyumba mara nyingi huwa na maneno "kupandana kwa mabati". Wengi wetu huyapita na kutazama bei. Hata hivyo, maneno hayo ndiyo huamua iwapo paa litavuja mvua ikianza.

Vitu viwili vikigusana kando kwa kando, husemwa vimepakana. Vikipandana, ukingo wa kimoja hulala juu ya ukingo wa kingine. Ndivyo yalivyo magamba ya samaki, vigae, na makuti yetu ya Pwani: kuti la juu hulalia la chini, na maji huteremka bila kupata mwanya.

Kwa sababu hiyo, kuezeka huanzia upenuni na kupanda hadi kwenye mgongo wa paa. Fundi akianzia juu, bati la chini litalalia la juu na maji yataingia katikati.

Kwa bati la mawimbi, kipimo kinachotumika sana ni wimbi moja na nusu ubavuni, na angalau sentimita 15 pale bati la juu linapolalia la chini. Paa lenye mwinamo mdogo huhitaji zaidi, kwani maji hukawia kuteremka.

Upepo pia huzingatiwa. Wakati wa masika, kusi huvuma kutoka kusini. Ikiwa mabati yanapangwa kutoka kaskazini kwenda kusini au kinyume chake, ni vyema kuanzia kaskazini, ili ukingo wa bati la juu uupe upepo mgongo.

Hasara huanzia dukani. Chukua mfano wa paa lenye urefu wa mita 7 na bati lenye upana wa sentimita 80. Kwa hesabu ya haraka, mabati 9 yanatosha kwa safu moja. Lakini yakipandana kwa sentimita 10, kila bati baada ya la kwanza huongeza sentimita 70 tu. Mabati 9 yatafunika mita 6.4, utahitaji 10. Mwenye 9 atashawishika kupunguza kupandana, na hapo ndipo maji hupata njia.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji upana ambao bati hufunika likishapigwa, kisha muulize fundi: "Hesabu hii imejumuisha kupandana?"